Bi Mwajabu na Simu Iliyokuwa Njiani

"Simu ijayo haijibu barua iliyofika." Mmemsikia shangazi yenu akimtupia maneno hayo kaka yenu anayengoja kompyuta mpya ndipo aandike barua ya kuomba kazi. Mmecheka, na sasa mnauliza yametoka wapi. Sogeeni basi. Methali hii haikutoka kwa wahenga wa zama za kale. Ilizaliwa Tanga, bandarini, juu ya benchi, na aliyeizaa ni mwanamke aliyekuwa amechoka kuchekwa. Ilikuwa hivi.

Bi Mwajabu Mhina alikuwa wakala wa forodha. Kazi yake ilikuwa kuwatolea watu mizigo bandarini na kuwasafirishia mingine nje ya nchi. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja alichoachiwa na baba yake, na mlangoni bado paliandikwa jina la mzee huyo. Mawakala wa siku zile walikuwa na kanuni waliyoitunga wenyewe ili kukomesha kusukumana. Kila asubuhi walikaa kwa zamu kwenye benchi refu mbele ya dirisha la forodha, na aliyeinuka alipoteza zamu yake. Kwenda msalani tu ndiko kulikosamehewa. Waliilinda kanuni hiyo kuliko sheria ya nchi.

Taabu ilianza wateja walipoacha kupiga simu wakawa wanaandika barua pepe. Barua inaingia saa tatu, mteja anataka jibu saa tatu na nusu, na wewe umekaa kwenye benchi. Ukikimbilia intaneti kafe, zamu imekwenda. Ukibaki, mteja ndiye anayekwenda.

Hapo ndipo kilipoingia kile kidude chenye vitufe vidogo kama punje za mtama, kilichopokea na kutuma barua pepe kikiwa kiganjani. Watu wa bandarini walikiita Karani, na miaka ile hakikuwa na mpinzani. Lakini Tanga nzima Karani alipatikana kwa mtu mmoja tu, Bwana Semkiwa, wakala mkubwa kuliko wote, tena kwa sharti: barua zako zipitie kwanza kwenye kompyuta ya ofisi yake. Wengi walikubali. Haikupita miezi mingi, wateja wao, kwa bahati ya ajabu kabisa, wakawa wateja wa Semkiwa.

Bi Mwajabu alikataa. "Barua ya mteja wangu isomwe na Semkiwa kabla sijaisoma mimi? Bora nilale njaa," alisema, na aliyasema hayo mbele ya Semkiwa mwenyewe. Magazeti yalikuwa yakiandika kwamba kampuni nyingine zinatengeneza simu mpya za bei nafuu, zitakazofanya yote anayofanya Karani na kumzidi, bila kupitia kwa mtu. Akakata picha ya mojawapo, akaibandika ukutani ofisini, akaamua kungoja.

Wala msidhani aliingoja kwa unyonge. Aliingoja kwa kiburi, kidevu juu. Aliyemuuliza alijibiwa, "Yangu iko njiani." Mwenye duka la simu alisema itafika mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu akasema baada ya Ramadhani. Baada ya Ramadhani akasema meneja wa Dar es Salaam hapokei simu. Mteja wa saruji akaondoka, mteja wa mbao akamfuata. Semkiwa naye kila alipokuja kukaa, Karani kiunoni, hakukosa neno. "Bi Mwajabu, mchumba wako wa ukutani analeta posa lini?" Benchi zima lilicheka. Bi Mwajabu alicheka nao, huku moyoni anaungua.

Siku moja akaingia ofisini Bwana Kaoneka, msimamizi wa shamba la mkonge huko Korogwe. Alikuwa mteja tangu enzi za mzee Mhina, na sasa ndiye mteja mkubwa pekee aliyebaki. Akiondoka huyo, ofisi inafungwa. Alikaribishwa chai, akakataa.

"Bi Mwajabu, nilikuandikia Jumanne saa tatu asubuhi. Umenijibu saa kumi. Meli ilikwishajaa, mkonge wangu uko ghalani."

"Nivumilie kidogo, bwana. Simu mpya zikifika tu..."

"Dada yangu, mimi sikuiandikia hiyo simu mpya. Nilikuandikia wewe."

Bwana Kaoneka alivaa kofia yake, akasimama mlangoni.

"Nakuheshimu kwa ajili ya marehemu mzee, kwa hiyo nakupa nafasi moja. Wiki ijayo nina marobota mia tatu. Nitakuandikia wewe na Semkiwa barua moja, kwa wakati mmoja. Atakayeanza kunipa jibu la maana, mzigo wangu wa mwaka mzima ni wake."

Alipoondoka, Bi Mwajabu alikaa akiwa na hasira. Alimkasirikia Semkiwa, akamkasirikia mwenye duka, mwishowe hasira ikamrudia mwenyewe. Alikuwa amemkatalia Semkiwa asimfunge kamba, kisha akaenda kujifunga mwenyewe kwa kitu ambacho hata hakijafika! Aliona aibu, na aibu ile ikamtia nguvu. Akatwaa mtandio, akaenda kwa Bi Chiku, mwenye intaneti kafe ya barabara ya pili.

"Mwenzangu, nakupa neno la siri la barua pepe yangu," alimwambia. "Barua ya Korogwe ikiingia, nibipu. Sipokei, nakupigia mimi."

Hapo hapakuwa na maajabu yoyote. Nchi nzima ilikuwa ikibipu. Mume alibipu afunguliwe mlango, binti alibipu kusema amefika salama. Ni kwamba hakuna aliyewahi kufikiri kwamba jambo la kubania vocha laweza kushindana na Karani. Tena Bi Mwajabu hakuishia hapo. Siku tatu mfululizo, kabla benchi halijajaa, alipita kwenye kampuni ya meli kuulizia nafasi, akashika nafasi ya kontena mbili, akazungumza na mwenye malori.

Siku ya siku, saa nne asubuhi, taa ya Karani wa Semkiwa ikawaka. Semkiwa alisoma, akatabasamu, akabonyeza vitufe viwili vitatu. Baadaye ilijulikana alichoandika: "Nimepokea, nitakujulisha." Kisha akaanza kuwaandikia vijana wake ofisini wamtafutie nafasi melini.

Simu ya Bi Mwajabu, kuukuu, iliyofungwa mpira ili betri isidondoke, ililia mara moja ikanyamaza. Akapiga.

"Nisomee, Bi Chiku. Ehee. Andika: Nafasi ipo, nimeishika meli ya Alhamisi. Kontena mbili zitakuwa shambani kesho saa moja asubuhi. Cheti cha ukaguzi wa mimea nitakichukua leo mchana. Umeandika? Tuma!"

Semkiwa aliruka wima. "Haiwezekani! Huku ni kuvunja kanuni! Benchi si kibanda cha simu!"

"Kanuni inasema aliyeinuka," Bi Mwajabu alijibu, bila kusogea hata inchi moja. "Mimi nimekaa, bwana. Aliyesimama ni nani?"

Benchi likalipuka. "Kasimama! Semkiwa kasimama!" Hata wale waliokuwa wakimwogopa walisogea upesi kuziba pengo lake, na yeye na Karani wake wakaenda mkiani.

Mzee Mntambo, wakala mwenzao ambaye naye alikuwa amengoja simu mpya mwaka mzima huku wateja wakimtoroka, aliinama akaitazama ile simu ya mpira.

"Kumbe zile mpya zimeshafika, mwanangu?"

"Bado, mzee wangu."

"Hutaki tena kuzingoja?"

"Zije, tutazinunua. Lakini simu ijayo haijibu barua iliyofika."

Mzee Mntambo alilirudia neno lile taratibu. Mchana ule ule naye akaenda kwa Bi Chiku, na wiki haikwisha kabla benchi zima halijaanza kulia bip, bip, na barua za watu zikaacha kupita kwa Semkiwa. Bwana Kaoneka naye alitimiza ahadi yake, mzigo wa Korogwe wa mwaka mzima ukabaki kwenye ofisi ya Mhina.

Simu mpya zilifika, ndiyo. Zilichelewa lakini zilifika, zikamshinda Karani kabisa, na leo mnazo mifukoni. Mawakala wengine, waliozingoja mikono mapajani, walizinunua siku ya kwanza. Waliziwasha, wakafungua sanduku la barua, wakakuta hakuna aliyewaandikia.

Sasa nendeni mkamwambie kaka yenu aandike kwa kalamu na karatasi, leo hii, hata kama mwandiko wake mbaya. Akibisha, mwambieni: simu ijayo haijibu barua iliyofika.