Harufu ya Mapichi Mwezi wa Saba

Habari hii ilisimuliwa na Efrazia wa Malindi, ile ya milimani si ile ya pwani, mwezi wa tisa mwaka huu, siku tuliyokaa uani kwake kuchambua mbegu za maharage. Evelina, mwenye yaliyomkuta, alikuwa ameketi pale pale na ungo wake magotini. Efrazia alipotaka kuruka mahali fulani kwa kumwonea haya, Evelina alimwambia asiruke kitu, maana kuruka ndiko kulikomponza. Basi hapa hakikurukwa kitu.

Wazee walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Maana yake si ngumu. Ugonjwa hausitiriki kama nguo iliyochanika. Ukiufungia ndani unanenepa humo humo, na siku utakapotoka utatoka na sauti.

Evelina ni mke wa Zabron, fundi mwashi anayejenga Tanga mjini na kurudi nyumbani kwa nadra kama mvua ya kiangazi. Nyumbani alikuwa akiishi na mama mkwe wake, Bibi Secilia, na binti yake Devotha, msichana wa miaka kumi na sita, kidato cha tatu. Devotha alikuwa mtoto wa kutumwa mara moja. Gauni lake jeupe la kipaimara lilikuwa limekwisha kushonwa, linaning'inia ukutani chumbani kwa mama yake, likingoja Jumapili moja tu ya mwezi wa nane.

Wa kwanza kushtuka alikuwa Bibi Secilia. Macho yake yalikuwa yamechoka, lakini pua yake ilikuwa nzima kama ya paka. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, ukungu umelala mpaka mlangoni, alisimama penye chumba cha Devotha akanusa, akanusa tena.

"Evelina, haya mapichi mmeyatoa wapi?"

"Mapichi gani, mama? Huu ni mwezi wa saba."

"Ndiyo maana nauliza."

Evelina alicheka. Kila mtu wa milima ile anajua kwamba mapichi huiva karibu na Krismasi, na kwamba mwezi wa saba mpichi umesimama mtupu kama ufagio. Lakini badala ya kujiuliza harufu ya pichi bivu inatafuta nini ndani ya nyumba yake wakati wa baridi, alijisemea kuwa mama amezeeka, akaenda kupalilia kabichi. Mkulima mzima, anayeweza kukwambia siku ya kupanda karoti bila kutazama kalenda, alinusa tunda lisilo na msimu akapita.

Siku zikafuatana. Devotha akawa halali usiku, na mchana anasinzia mpaka shuleni. Akasahau chumvi kwenye mboga. Akacheka pasipo na kichekesho, na akiulizwa jambo dogo, akawaka kama pilipili iliyoanguka motoni. Mwalimu alipotuma barua kwamba alama zake zimeporomoka, ndipo Evelina alipoinua godoro. Alikuta kidude chembamba kama kalamu, kina mafuta ya rangi ya asali tumboni mwake. Alikinusa. Mapichi.

Devotha alisema kwanza ni kalamu. Kisha akasema ni chaja. Mwisho, machozi yakimtoka, akasema ni vepu, sigara ya umeme, kwamba ndani yake mna mafuta ya bangi, na kwamba alionjeshwa na mwanafunzi mwenzake wakati wa likizo ili asichoke kusoma. Sasa bila hicho hapati usingizi.

"Lakini haina moshi, mama. Ni mvuke tu. Wote wanasema haina madhara."

"Wote ni akina nani?" aliuliza Evelina. "Na hao wote, wana mama?"

Hapo, wasomaji, ndipo palipokuwa mahali pa kumshika mtoto mkono na kuteremka naye zahanati. Bibi Secilia alisema hivyo hivyo, kwa Kiswahili na kwa Kishambaa, ili asieleweke vibaya. Evelina alilitazama lile gauni ukutani. Akawaza usharika ukisikia bangi imeingia kwa Zabron, jina la mtoto litafutwa kwenye orodha ya kipaimara, na wao watatafunwa midomoni mwa watu kama muwa. Akasema yataishia humo humo ndani. Kile kidude hakukitupa chooni, akiogopa kitaonekana. Alikificha ndani ya debe la unga. Mtu acheke au alie? Katika nyumba ile, aliyesonga ugali kila jioni alikuwa Devotha.

Alikipata siku ya pili. Wiki ile mambo yakaharibika kweli kweli. Devotha alitapika, moyo ukamwenda mbio mpaka ungeuona ukigonga chini ya blauzi, akaanza kusikia watu wakinong'ona nyuma ya ukuta. Safari hii Evelina alikitosa chooni, akamfungia binti yake chumba cha ndani, akatangaza kwamba mtoto amekwenda Mnazi, kule tambarare, kwa shangazi yake, kusaidia mavuno ya mpunga.

Uongo haukubali kuishi peke yake, unataka jamaa. Efrazia, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliomba Devotha amletee mchele wa Mnazi. Mwinjilisti Timotheo aliuliza mbona mtoto hayupo darasani wakati kipaimara kiko mlangoni, akaambiwa shangazi anaumwa. Zabron alipiga simu, akaambiwa binti yuko shuleni. Evelina akalazimika kupanda mpaka gulio la Mlola, akanunua mchele, akaumimina kwenye gunia kuukuu lenye vumbi la tambarare, akampelekea Efrazia. Efrazia aliupika, akasema mchele wa Mnazi mwaka huu umekuwa kama wa dukani. Evelina alirudi nyumbani amechoka kuliko mtu aliyelima ekari mbili. Kwa wiki mbili hakufumba jicho.

"Umemfungia mtoto," Bibi Secilia alimwambia, "au umejifungia wewe? Maana naona mnakonda wote wawili."

"Mama, baada ya kipaimara nitampeleka."

"Ugonjwa unaijua Jumapili ya kipaimara?"

Alhamisi ikafika, na Alhamisi ni siku ya msaragambo, kijiji kizima kinafanya kazi pamoja. Siku hiyo kazi ilikuwa kuchimba mfereji wa barabara, juu kidogo ya nyumba ya Evelina. Majembe hamsini yakaanza kugonga mwamba. Devotha, kule ndani, alisikia yale majembe kama watu wanaokuja kumzika. Alivunja kitasa, akatoka mbio na gauni la kulalia, miguu mitupu, akateremka matuta ya kabichi kuelekea korongoni. Evelina alimkimbilia, akamshika kiunoni kwenye tuta la mwisho, chini yao mawe matupu. Mtoto alikuwa na nguvu za watu watatu. Mkono mmoja wa Evelina ukateleza.

Ndipo alipopiga yowe.

Yowe katika milima ile lina sheria moja: ukilisikia, weka jembe chini uende. Majembe hamsini yakanyamaza, na watu wakateremka kama maji ya masika. Yule aliyefunga madirisha wiki mbili ili asisikike, aliwaita watu wote kwa mdomo wake mwenyewe.

Walimdaka Devotha, wakamlaza chini. Evelina, hata hapo, akihema, alianza kueleza kwamba mtoto amerudi kutoka Mnazi asubuhi ile, kwamba ni malaria ya tambarare. Bibi Secilia alikuwa amefika akitweta na fimbo yake.

"Nyamaza, Evelina," alisema. "Devotha hajaiona Mnazi. Amevuta bangi ya mvuke, na sisi tumemfungia ndani wiki mbili kwa ajili ya gauni. Leteni machela."

Hakuna aliyecheka. Wanaume walikata miti miwili, wakafunga blanketi, na aliyeshika mbele alikuwa Mwinjilisti Timotheo. Pale zahanati, muuguzi Kuluthumu alimtazama Evelina, aliyekuwa ameanza tena kutafuta maneno.

"Mama, sikuulizi ili nikuseme. Nakuuliza ili nijue namtibu nini."

Evelina alisema yote, tangu mapichi mpaka debe la unga. Muuguzi aliita gari, wakapelekwa hospitali. Daktari hakuwa na mengi. Alieleza kwamba yale mafuta mara nyingi huwa makali kuliko bangi ya majani, na anayevuta hajui kimechanganywa nini. Kwamba ubongo wa kijana bado unajengwa, na bangi inaweza kuutia hofu na sauti zisizokuwepo. Atapona, lakini kuacha kutamsumbua usingizi na hasira, na atahitaji kuja kila wiki kuzungumza na mshauri. Akasema dawa yake si kufuli wala fimbo, na kwamba wangekuja mapema ingekuwa rahisi zaidi. Timotheo naye aliuliza nani kawaambia kanisa linafuta wagonjwa. Mtoto atasubiri kipaimara cha mwakani, basi.

Evelina alimpigia Zabron, akamwambia kweli tupu. Zabron akasema anapanda basi.

Saa nane mchana Devotha alipata usingizi. Bibi Secilia alikuwa ameshalala kwenye benchi, fimbo kifuani. Evelina aliketi chini ukumbini, karibu na Efrazia aliyekuwa amewafuata na chupa ya uji.

"Dada," alisema, "ule mchele ulikuwa wa Mlola."

"Nilijua. Mchele wa Mnazi naujua kwa harufu."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Na mimi nilikosea kungoja."

Evelina alitaka kujibu, lakini kichwa kilikuwa kimekwisha kuanguka begani pa jirani yake, na usingizi wa wiki mbili ukamchukua mchana kweupe, watu wakipita. Efrazia alimfunika kanga, akaegemea ukuta, naye akalala. Mficha maradhi, kilio humfichua.