Bega la Jaspali na Hekalu la Devkoti

Enyi ukoo wa Ranjori, tulieni, na mwenye kicheko akiache nje, maana habari hii haina utamu. Zamani za mababu, mafuriko yalipolimeza bonde letu na kutuacha tukitangatanga milimani bila mahali pa kuita petu, alisimama Jaspali mwana wa Ranjori, Mbeba-Miamba, Bega la Wasio na Kwao, akaapa kujenga hekalu la mungu Shiva juu ya kilima cha Devkoti, ili watu wake wawe na kwao.

Naye akajenga. Mawe aliyapandisha kwa bega lake la kulia, akayachonga yakaumana bila chokaa: jukwaa la ngazi, ukumbi wa nguzo, chumba kidogo chenye giza cha mungu, na juu yake mnara uliochongoka kama vilele vya theluji vilivyo nyuma yake. Kisha akaweka sheria: "Siku sanamu itakapofunguliwa macho, jengo hili litakuwa mwili wa mungu. Chuma kisivuke tena kizingiti hiki." Wote wakala kiapo.

Kosa lilikuja kwa huruma. Boriti moja ya jiwe pale ukumbini ilikuwa bado imeegemezwa kwa gogo, haijafungwa kwa kabari za chuma, lakini kuhani Harinathi alisema nyota njema inapita, na ikipita hairudi mpaka mwaka mwingine. Watu walikuwa wamechoka kulala mapangoni. Jaspali akawatazama, roho ikamlainika, akasema, "Macho yafunguliwe."

Kuhani akayafungua kwa sindano ya dhahabu. Ngoma zikapigwa, ukumbi ukatetemeka kwa miguu ya wachezaji, na gogo likateleza. Jaspali akaingiza bega lake chini ya boriti. "Tokeni nyote!" akanguruma, nao wakatoka, wazee kwa watoto. Yeye hakuweza kutoka. Angehama hatua moja tu, jengo lingemwangukia.

Tulsa mkewe, mama wa mtoto wao Kesari, alikuwa amekwisha kukimbilia nyundo na kabari. Alipofika kizingitini, akakumbuka kiapo, akasimama.

"Baba Kesari, niruhusu niingie. Mungu gani huyo atakayekasirikia kabari moja?"

"Mama Kesari, sheria hiyo niliitamka mimi. Nikiivunja leo, ukoo utashika neno gani kesho?"

Tulsa akawageukia wazee. Wazee wakainamisha vichwa. Alimwona mumewe goti likianza kutetemeka, damu ikimchirizika shingoni, na kizingiti kilichowatenga kilikuwa chembamba kuliko kiganja chake. Alimpenda, na aliogopa. Akasimama pale pale mpaka boriti ikashuka, na dari likaifuata.

Wahenga wetu walifukua kifusi kwa mikono mitupu, kwa kuwa chuma ni mwiko. Mwili wa Jaspali haukuonekana. Tangu hapo kila masika jiwe jingine huanguka, nasi hatuna cha kulirudishia, na iko siku kilima kitabaki kitupu.

Ndiyo maana kila bibi harusi wetu hupewa nyundo pale kwenye kizingiti cha hekalu, aitue nje kwa mkono wake kabla ya kuingia. Tulsa ndiye aliyeanzisha desturi hiyo uzeeni. Kuhani alimsifu kwa kumheshimu mungu.

"Si kwa ajili ya mungu," akasema Tulsa. "Nataka wajue uzito wa nyundo hiyo."