Nani Aliwafikisha Vifaranga wa Bana Mutale?

Hivi wewe unayejiona mjanja, ukikabidhiwa gari lenye roho elfu tatu nyuma, ukaambiwa vuka mpaka uingie nchi usiyoijua, utamwamini nani? Aliyekuchagulia mashine ya kukuonyesha njia, aliyeilisha mashine hiyo maneno, au dereva anayeibishia? Usinijibu sasa. Anayejibu kabla ya kusikia anafaa kukaa kwenye paneli ya usaili, si hapa.

Walikuwepo vijana watatu pale Mbeya. Wote wana digrii, wote wanafanya kazi kwa Bosi Mwambelo mwenye mashine za kutotolesha vifaranga, na wote hawana kazi. Usishangae. Siku hizi kufanya kazi na kuwa na kazi ni vitu viwili. Walikuwa wanaitwa interns, mwezi wa kumi na moja huo, eti wapate exposure. Hiyo exposure haijawahi kushuka na ugali.

Wa kwanza, Kokushubira, Mhaya wa Kamachumu, alisomea ramani na upimaji. Kipaji chake ni macho yasiyosadiki. Ukimpa soda anasoma tarehe kwanza, asante baadaye.

Wa pili, Shilinde, Msukuma wa Maswa, alisomea masoko. Kipaji chake ni mdomo unaofungua midomo ya wengine. Akikaa na mgeni dakika tano, mgeni atamsimulia mpaka ugomvi wake na mkwewe.

Wa tatu, Andalwisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, alisomea ualimu, akapata leseni ya lori kabla ya kupata darasa. Kipaji chake ni mguu wa breki. Huyo haendi mahali kwa sababu ameambiwa aende.

Kipaji cha nne walikuwa nacho wote sawasawa: hawakuaminiana hata kwa kuazimana kalamu. Na walikuwa na sababu. Bosi alikuwa amewaita ofisini akasema, "Kuna mteja Zambia, Bana Mutale, yaani Mama Mutale kwa lugha yao, kiongozi wa kikundi cha akina mama wafugaji. Anataka vifaranga elfu tatu wa siku moja. Nendeni wote watatu. Chagueni jipiesi ya kuwaongoza huko nje, mpeleke mzigo ukiwa hai. Atakayekuwa ameufikisha nampa mkataba, msimamizi wa safari za nje. Mmoja tu."

"Bosi, tukienda watatu, mmoja atajulikanaje?" Kokushubira akauliza.

"Mtajuana wenyewe," akasema Bosi, akaangalia simu yake.

Sasa kifaranga, kama hujui, anatoka kwenye yai na akiba ya kiini tumboni. Hiyo inamtosha siku mbili, tatu kwa bahati. Baada ya hapo unasafirisha mazishi.

Siku ya kuchagua, akaja shemeji yake Bosi na mkoba wa jipiesi. Akapanga vifaa viwili mezani kama muuza dawa za mitishamba. Cha kwanza kilikuwa kipana kama daftari, kioo kinang'aa, sauti ya mwanamke wa Kizungu laini kama mafuta ya nazi. Shilinde akakipenda palepale. Kokushubira akachomoa laini ya simu iliyokuwa ndani yake. Mwanamke akanyamaza, ramani ikageuka kijivu.

"Hiki kinaishi kwa bando," akasema. "Tukivuka mpaka laini ikapotea, na sisi tumepotea."

Cha pili kilijua Mbeya mpaka vichochoro vya mtaa wa Soweto. Kokushubira akaisukuma ramani kwa kidole kuelekea Tunduma, akavuka mpaka. Nyeupe. Hakuna barabara, hakuna mto, hakuna jina. "Shemeji, kwa kifaa hiki Zambia haijaumbwa."

Shemeji akacheka kidogo. "Dada, ukifika utaumba."

Cha tatu kilikuwa kimebaki mkobani. Kidogo, kimechubuka kingo, hakiwaki bila kuchomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari. "Hicho acha, cha mtumba, kimekuja kwa bahati mbaya," akasema shemeji, na kwa Kokushubira maneno hayo yalikuwa mwaliko. Akakichukua, akaenda kukichomeka garini. Ramani za nchi saba zilikuwa zimehifadhiwa humo humo tumboni, haziombi mtandao kwa mtu. Kinakubali kuingiziwa nukta ya mahali kwa namba, na kinauliza urefu na uzito wa gari. "Hiki," akasema.

Aliona pia mwaka wa ramani zile. Zilikuwa na umri wa miaka mitatu. Hilo hakulisema. Moyoni aliwaza: nikisema, hawa wawili watapata sababu ya kunipinga mbele ya Bosi.

Kifaa kikapatikana, lakini kilijua nchi, hakikujua nyumba. Bana Mutale alipopigiwa simu alielekeza kama tunavyoelekeza sote upande huu wa dunia. "Ukipita kanisa la pili, uliza kwa Bana Mutale. Watoto wote wananijua."

"Mama, hii ni mashine, haiulizi watoto," Shilinde akamwambia. Mama akasema basi mashine hiyo haijalelewa vizuri.

Shilinde akaenda yadi ya malori Mbalizi, akakaa siku mbili na madereva wanaovuka mpaka. Akampata mmoja anaitwa Fungo. Fungo alikuwa na mke asiyemwamini, na amri ya nyumbani ilikuwa hii: kila anaposimama, amtumie mkewe nukta ya mahali alipo, kutoka kwenye ramani ya simu. Simu yake ilikuwa na safari ya miaka minne ndani yake. Daraja hili, mzani ule, kinu cha kusaga chenye paa la bluu, na nyuma ya kinu, kwa Bana Mutale mwenyewe, kwani Fungo aliwahi kumpelekea pumba. Shilinde akacheka naye, akamsikitikia kwa ajili ya mke, akanakili nukta zote, akazilisha kwenye kifaa moja baada ya nyingine.

"Una uhakika na huyo mtu?" Kokushubira akamuuliza.

"Mtu anayempa mkewe taarifa kila saa, atanidanganya mimi kwa faida gani?"

Wakaondoka alfajiri, masanduku yenye matundu yamepangwa nyuma, watatu wamebanana mbele. Andalwisye kwenye usukani, Kokushubira katikati ameshika kifaa chake, Shilinde dirishani. Mpaka wakauvuka vizuri. Upande wa pili saa zikarudi nyuma saa moja, Shilinde akafurahi kwamba wamepata muda wa bure.

"Waambie vifaranga," akasema Andalwisye. "Labda nao wamerudi nyuma wakawa mayai."

Wakaacha lami, wakaingia barabara ya vumbi. Mchana kabisa wakafika njia panda. Kifaa kikasema, "Turn left." Nukta ya daraja la Fungo ilikuwa kilomita sita mbele, kushoto. Andalwisye akakunja kushoto, akaenda kidogo, akakanyaga breki mpaka masanduku yakalia nyuma.

"Nini tena?" Shilinde akauliza.

"Matawi."

Kando ya barabara palikuwa na matawi yamelala, makavu, majani yameshapukutika.

"Kuni hizo, bro. Mtu kasahau kuni."

Andalwisye akashuka. Sisi sote tunajua, gari likiharibika njiani unakata matawi unayapanga nyuma yake, wenzako wapunguze mwendo. Matawi mabichi ni shida ya leo. Haya yalikuwa makavu. Akatembea mbele hatua mia. Nyasi zilikuwa zimeota katikati ya alama za magurudumu, na ndani ya alama zenyewe. Hakuna kinyesi cha ng'ombe, hakuna ganda la muwa. Akarudi.

"Hapa hapapiti mtu. Matawi yamekauka maana yake shida imezeeka mpaka watu wameizoea. Daraja halipo."

"Umeliona?"

"Sijaliona."

"Basi unajuaje?" Shilinde akawa mkali. "Nimekaa yadi siku mbili. Fungo alimtumia mkewe nukta ya daraja hili mwezi uliopita. Kaandika, 'Nimelala hapa.' Tarehe niliiona kwa macho yangu. Wewe unataka tuchelewe ili ukamwambie Bosi nukta za Shilinde ni mbovu."

"Na ramani inaonyesha daraja," akasema Kokushubira, halafu sauti ikapungua.

Andalwisye akamwangalia. "Ramani ya lini?"

Andalwisye akakigeuza kile kifaa, akabonyeza, akasoma mwenyewe. "Ulijua."

"Nilijua. Ningesema, mngekubali kile cha bando. Sasa hivi mngekuwa mnaangalia kioo cha kijivu."

"Wote wawili mmenipandisha kwenye gari la uongo," akasema Andalwisye. "Mimi nageuza. Tunarudi Mbeya."

"Ukirudi, wanakufa," Kokushubira akamwambia. "Kurudi tutafika usiku, na kuja tena ni siku nyingine. Hesabu viini vyao. Zunguka kama unataka, lakini kurudi hapana."

Nyuma sauti elfu tatu zilikuwa zinalia kwa pamoja, kama mvua juu ya bati. Andalwisye akageuza gari, lakini hakurudi Mbeya. Alishika kulia.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu hupotea. Njia ya kulia iliwaingiza msituni, vijia vinagawanyika kila mahali, hakuna kibao, simu zote tatu zimekufa mtandao. Kifaa kilisema "Make a U-turn" mara tisa, kwa adabu, halafu kikakubali yaishe, kikachora njia mpya kutoka tumboni mwake. Kwenye kila mgawanyiko Kokushubira alisoma, Andalwisye alikata kona, na vijia vikawatoa mtoni, palipokuwa na kivuko cha zege, wakavukia hapo. Walipotoka msituni, makanisa mawili yakaonekana, halafu la tatu, halafu la nne. Ukisema kanisa la pili, la pili kutokea wapi? Nukta ya Shilinde ikawavuta moja kwa moja mpaka paa la bluu. Nyuma ya kinu, akina mama walikuwa wanasubiri, maji yenye glukosi yamewekwa tayari.

Wakafungua masanduku. Kati ya elfu tatu, kumi na wanane walikuwa wamekufa. Waliobaki walikunywa maji kama wasomi kwenye semina yenye chai.

"Natotela, asanteni," akasema Bana Mutale, akawashika mikono mmoja mmoja. "Mmepitia wapi? Magari ya Tanzania huwa yanafika asubuhi kwa njia ya juu, inayouzunguka mto."

"Tulitaka kupita darajani, mama," akasema Shilinde.

Akina mama wakatazamana. "Daraja lipi? Lile liliondoka na maji, masika mawili yamepita."

"Lakini Fungo alilala pale mwezi uliopita."

Bana Mutale akacheka mpaka akakaa chini. "Fungo? Fungo mwezi uliopita alilala Nakonde, pale mpakani, kwa mwanamke ninayemjua. Alimtumia mkewe daraja la zamani, amwone yuko porini."

Shilinde hakucheka. Mwanaume kamdanganya mkewe, nusura elfu tatu wazame na watu watatu juu yao.

Waliporudi Mbeya, Bosi alikuwa ameshapokea simu ya shukrani kutoka kwa Bana Mutale. Akafungua droo, akatoa mkataba, akauweka mezani. "Haya. Nani?"

Kokushubira akasema, "Bosi, bila macho yangu tungeondoka na kioo cha kijivu, au na ramani inayoishia Tunduma. Msituni mle hakuna kilichotutoa ila kifaa nilichokichagua mimi. Nilificha umri wake, kweli. Lakini kizee kilichofika kinazidi kijana aliyekwama."

Shilinde akasema, "Bosi, bila mdomo wangu kifaa kingewafikisha Zambia, na Zambia ni kubwa. Nyumba niliileta mimi. Daraja lilikuwa uongo, lakini si wangu. Mimi niliazima maneno ya mume kwa mkewe, na kama hayo si ya kuaminiwa, tutaamini yapi?"

Andalwisye akasema, "Bosi, bila mguu wangu mngekuwa mnatafuta miili mtoni. Nilitaka kurudi, sikatai. Lakini aliyewazuia wasife ni yule aliyekataa kutii."

"Sasa mkataba mmoja naugawaje?" akasema Bosi. "Nendeni, nitafikiri mpaka Jumatatu."

Ndipo Kokushubira akainamia ile karatasi. Hakuigusa. Mahali pa jina la mwajiriwa palikuwa wazi, lakini wazi yake haikuwa ya karatasi. Palikuwa pamepakwa wino mweupe wa kufutia, mnene, umekauka na kupasuka kidogo. Na chini, mstari wa tarehe ulionyesha siku tisa kabla vifaranga wale hawajatoka kwenye mayai.

"Bosi, hapa palikuwa na jina," akasema.

Bosi akarudisha karatasi kwenye droo. "Makosa ya sekretari. Jumatatu."

Basi, wewe uliyesikiliza mpaka hapa, kiti ni kimoja. Kuna aliyechagua kifaa akaficha umri wake, kuna aliyekilisha njia akalisha na uongo wa mtu, kuna aliyekikatalia akataka kurudi nyumbani. Ondoa mmoja, vifaranga wamekufa. Je, wewe ungeamua vipi, ungemkabidhi nani ule mkataba?

Bishaneni. Lakini wewe Bosi Mwambelo, na ninyi wote mnaotangaza nafasi huku mmeshaijaza, msitufanye waamuzi wa mchezo uliokwisha. Kabla hatujataja jina lolote la hawa watatu, toa ile karatasi kwenye droo, iweke mezani mbele yao, ukwangue huo wino mweupe kwa ukucha wako mwenyewe. Tusome.