Zimwi la Barafu na Taa ya Panikpak

Mpo? Haya, leteni masikio.

Katika nchi ya theluji, Bibi Panikpak alikuwa na taa ya jiwe iliyochongwa kama sinia, yenye mafuta ya sili, mnyama wa bahari ya baridi, na utambi wa majani makavu. Ndiyo iliyompikia na kuwapasha wajukuu joto. Huko, mwenye taa ndiye mwenye nyumba.

Zimwi la barafu likaja. “Nipe taa, nikupe nyama!”

“Sikupi!”

Kesho yake: “Nipe taa, nikupe ngozi!”

“Sikupi ng'o!”

Siku ya tatu: “Nipe, ama nikumeze!”

“Nimeze, nikukwame kooni!”

Zimwi likaipora taa, likakimbia nayo kwake, likajilalia.

Lakini utambi ule hauachwi hivi hivi. Husawazishwa kwa kijiti, tena na tena. Zimwi lingejuaje? Moto ukapanda, ukapanda, ukapanda! Paa la theluji likaporomoka, zimwi likayeyuka mpaka kiunoni.

“Bibi wee, njoo uushushe moto!”

Panikpak akaja na kijiti chake, bila haraka. Akaushusha, akaichukua taa yake.

“Uliiba jiwe tu,” akasema. “Mwenye taa ulimwacha nyumbani.”

Akaliacha pale, nusu zimwi, nusu dimbwi. Nami utambi wangu naushusha hapa.