Kwa Nini Manukato ya Matunda Hupakwa Mlangoni

"Mafuta yangu umeyafanya nini?" aliuliza Bi Mgeni. Kwa mkono mmoja alishika kifuniko cha mtungi, na kwa mkono wa pili aliinua ganda la pera lililokuwa likichuruzika mafuta.

"Nimeyatia maganda, mama."

"Nayaona, sina makengeza! Nauliza akili yako ilikwenda wapi. Mafuta ya nazi hayakai karibu na kitu chenye harufu, hata mtoto mdogo anajua. Umesahau shangazi yako alivyotundika ng'onda juu ya mtungi huu, nikajipaka bila kujua, nikatembea wiki nzima paka wananifuata?"

"Sijasahau. Ndiyo maana nimeyatia," alijibu Mwatima. "Kama yalinyonya harufu ya samaki, yatanyonya na ya mapera. Nataka kuingia chumbani kwa dada Shemsa."

Bi Mgeni akakirudisha kifuniko kwa kishindo. "Chumbani! Sisi ni watu wa uani, Mwatima. Utakaa uani na mimi, tutakuna nazi, na machozi yako utayafuta kwa upindo wa nguo kama mimi nitakavyoyafuta yangu."

Basi huo ulikuwa wakati ambao harufu nzuri ilikuwa na wenyewe. Katika mji wa Mtopetopeni, manukato yote yalitoka ng'ambo: udi, ambari, miski na sandali. Yaliuzwa kwa vipande vidogo kama kucha, na kipande kimoja kilitosha kumaliza mavuno ya shamba. Wanawake wa majumba ya mawe walijifukiza kila Alhamisi. Wanawake wengine, wale waliolima, waliosuka ukili na waliouza matunda, walioga vizuri wakaishia hapo. Hakuna aliyewaambia kwamba wananuka. Waliambiwa tu kwamba hawanukii, na hilo lilitosha kuwaweka nje.

Kuwekwa nje kwenyewe kulikuwa hivi. Bwana harusi wa mji huo alipotaka kuoa, mwari aliwekwa ndani ya chumba, na wazee waliamini kwamba mwari ni kama maziwa, hudaka harufu ya kila anayemkaribia. Kwa hiyo mlango wa chumba ulilindwa na mnusaji. Mnusaji alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye pua isiyokosea. Kila mgeni alimpa mkono, naye akaunusa. Aliyenukia aliingia kuketi na mwari, kumshika mkono na kumwimbia. Asiyenukia alielekezwa uani, kwenye moshi wa kuni na mbuzi za kukunia nazi, hata kama mwari ni damu yake.

Shemsa alikuwa damu ya Mwatima, tena walilala kitanda kimoja tangu utoto. Mtoto wa tajiri alimwona Shemsa sokoni akimmenyea mama yake mananasi, akapenda, akaposa. Sasa harusi ilikuwa ikifanyika kwenye jumba la watu wa mume, na kesho yake mume angemchukua mkewe kwenda nchi ya mbali, ambako waliokwenda hawakurudi kutembea. Mwatima alikuwa na mchana mmoja tu wa kumshika dada yake mkono. Asipouingia mlango ule, basi tena.

Alianza kuhangaika mapema. Kwanza alijaribu kama alivyosikia matajiri wanavyofanya. Alitia makaa kwenye kigae, akanyunyiza maganda ya nanasi juu yake, akafunika tenga, akatandaza nguo yake juu ya tenga. Maganda yakaungua. Nguo ikatoka na harufu ya visheti vilivyoshika chini ya sufuria, na jirani akapiga kelele kutoka kwake, "Bi Mgeni, chungu chako kinaungua, umelala?" Mwatima aliifua nguo ile akiwa amenuna. Baadaye alitia maganda mabichi kwenye mafuta. Yakachacha, yakatoa povu, nyuki wakajaa mlangoni. Ndipo akajifunza kuyaanika kivulini kwanza, maganda ya mapera, ya nanasi na ya bungo, mpaka yakauke lakini yasipoteze utamu wake. Aliyatumbukiza kwenye mafuta, akayafunika. Yalipopauka aliyatoa, akatia mengine. Hapo ndipo mama yake alipoyafuma.

Pamoja na ugomvi wote ule, Bi Mgeni hakuyamwaga mafuta. Alisema tu kwamba yamekwisha haribika, hayafai kupikia wala kupaka, na mwenye kuyaharibu ayaondoe machoni pake. Mwatima akayachuja kwa kitambaa, akayatia kwenye kibuyu kidogo, akakificha kifuani.

Siku ya harusi walifika adhuhuri. Bi Mgeni alikwenda moja kwa moja uani, akavuta mbuzi, akaanza kukuna nazi kabla hajaambiwa. Hakutaka kuelekezwa na mtu. Mwatima alibaki nyuma ya ukuta, akafungua kibuyu, akajipaka kwenye viganja, nyuma ya masikio na kwenye ncha za nywele. Kisha akaenda mlangoni.

Mnusaji wa siku hiyo alikuwa Bi Shali. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na alizijua nyumba zote za mji kwa harufu zake. Alinusa mkono mmoja tu akasema, "Karibu, wa kwa kadhi," au, "Karibu, leo mmeongeza ambari." Aliushika mkono wa Mwatima, akainama, akaunusa. Akaunusa tena.

"Wewe wa nyumba gani?"

"Wa kwa Bi Mgeni, muuza matunda."

"Mh! Hii si ya nyumba yoyote ninayoijua." Akanusa mara nyingine, na safari hii alichelewa kuinua kichwa. "Hii ni harufu ya chakula, mwanangu. Nikikuingiza wewe, kesho ataniletea mwingine mkono wenye mchuzi."

Wageni waliokuwa nyuma wakacheka. Mmoja akasema, "Mpelekeni jikoni, kitindamlo kimepotea njia!"

Mwatima alihisi uso umemwaka, lakini hakuuvuta mkono wake. "Bi Shali, sheria inasema anayenukia aingie. Mimi nanukia au nanuka?"

Bi Shali hakuwa mtu wa kusema uongo, maana kazi yake yote ilisimama juu ya pua yake. "Unanukia," akasema polepole. "Siwezi kukataa, unanukia."

Kule ndani chumba kilikuwa kimejaa moshi wa udi. Tangu asubuhi vyetezo vilikuwa vikipokezana, kila jumba likitaka harufu yake isikike zaidi. Shemsa alikuwa ameinamisha kichwa chini ya shela, macho yanamchoma, kifua kimembana, hajala hajanywa. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na Mwatima alikuwa amesimama upande wa upepo. Harufu ya mapera ikapenya chini ya moshi ule mzito, nyembamba kama uzi, ikamfikia kama harufu ya mikono ya mama yake.

Mwari wa mji ule hakutoa sauti mpaka afikishwe kwa mumewe. Lakini Shemsa aliinua kichwa akaita kwa nguvu, "Mama! Mama, umekuja?"

Kule uani mbuzi ya Bi Mgeni ikasimama. Alikuja mbio, mikono imejaa machicha, akasimama nyuma ya Mwatima, na hakuweza kupita mbele zaidi kwa sababu miaka yote alikuwa amefundishwa asipite.

"Lete mikono, mama," alisema Mwatima, akifungua kibuyu.

Bi Mgeni akaipangusa mikono kwenye nguo, akainyoosha. Akasema, "Paka kidogo kidogo. Hayo ni mafuta yangu."

Nyuma yake wanawake wa uani walikuwa wameacha vyungu, wamekuja kuona. Walipoona Bi Mgeni anapakwa, nao wakanyoosha mikono, msuka ukili, mtwanga mpunga, mchota maji. Mwatima akawapaka mmoja mmoja, na kila mmoja alinusa kiganja chake mwenyewe kabla ya kufanya jambo jingine lolote, kana kwamba hakuamini ni chake.

Waliingia wote siku ile. Bi Mgeni alimwondolea mwanawe shela usoni, akampa maji, na Mwatima akakaa ubavuni akamshika mkono mpaka jua likashuka.

Na tangu siku hiyo, hakuna harusi ya Mtopetopeni yenye mnusaji. Mahali pake husimama msichana mwenye chupa, na kila anayeingia, wa jumba au wa kibanda, hupakwa tone moja mkononi. Udi na ambari bado vipo, na vina watu wake. Lakini manukato ya kupaka mlangoni ni yale matamu ya matunda, ya nanasi, ya mapera, ya bungo, ambayo huuzwa katika kila kibanda kando ya pini za mitandio, na hayamlizi mnunuzi. Hata msichana wa shule huyamudu.

Mnusaji kwisha kwake kulitokana na neno moja tu. Kwa desturi, mwenye kazi ile alikatazwa kujipaka chochote maisha yake yote, kwa sababu pua iliyozoea harufu yake mwenyewe haifai tena kunusa za wengine. Bi Shali alikuwa amewaingiza wake na mabinti wa mji mzima katika chumba ambamo yeye hajawahi kuketi. Mtu wa mwisho wa uani alipopita, Mwatima alikuwa anakifunga kibuyu, na Bi Shali akanyoosha mkono wake pale mlangoni, akasema:

"Nipake na mimi, mwanangu. Nimechoka kunusa za watu."