Ngozi Aliyoitupa Leokadia

"Abanwaye hutupa ngozi akaokoa roho." Mmenisikia nikiisema, wanangu, na sasa mnataka kujua nimeitoa wapi. Haimo katika vitabu vyenu vya maabara. Kaeni, maana miguu imenichoka na sitaisimulia nikiwa nimesimama. Chanzo chake ni mgonjwa mmoja na kosa langu mwenyewe.

Mgonjwa huyo aliitwa Leokadia Mapunda, mkulima wa kahawa kutoka milima ya Umatengo. Alikuja hospitalini kwetu na homa na maumivu ya ubavu. Bakteria walikuwa wameingia kwenye figo. Nilichukua mkojo wake, nikaotesha bakteria, nikawajaribu kwa dawa. Wakafa wote. Nikaandika kwenye karatasi kwamba dawa inafaa, akapewa vidonge, akarudi kwao. Baada ya wiki mbili alikuja tena na homa ile ile. Nikapima, nikaandika vile vile. Mara ya tatu aliletwa amebebwa.

Daktari Kinunda hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kama sisi sote, wodi imejaa, wagonjwa wawili wawili kitandani. Aliishika karatasi yangu akamwambia, "Mama, dawa hii inaua. Maabara wamepima mara tatu. Kama haikuponyi, basi huimezi."

"Nameza, Daktari."

"Unameza, au unawagawia watu nyumbani?"

Leokadia alijua akibisha ataandikiwa vidonge vile vile na kurudishwa kwao, na safari nyingine ya kuja asingeiweza. Akainamisha kichwa. "Nisamehe," akasema. "Nilikuwa natema."

Wodi nzima ilisikia. Wagonjwa wenzake waliguna, na jirani yake mmoja wa kijijini alikuwepo, akaipeleka habari kwao. Daktari akaamuru alazwe, awe anameza mbele ya muuguzi.

Muuguzi mwenyewe alikuwa Sista Adelgunda. Siku tano alimsimamia, akimfungulisha kinywa na kumwambia ainue ulimi, kama mtoto aliyeiba sukari. Siku ya sita alikuja maabara, akaketi bila kukaribishwa.

"Mama Komba, dawa inapita kooni nikiiona kwa macho yangu," akasema. "Homa haishuki. Sasa mwongo ni nani?"

Swali lile lilinichoma. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba bakteria wakitoka kwa mgonjwa, waoteshwe upya mara mbili kwenye chakula kinono chenye damu, ndipo wapimwe. Nilifanya hivyo miaka kumi na tisa. Yaani niliwatoa vitani, nikawalisha wakanenepa, wakasahau shida, ndipo nikawajaribu kwa dawa. Mwilini mwa Leokadia hawakuishi hivyo. Kule chakula ni haba, homa inawachoma, askari wa mwili wanawasaka, na dawa juu yake.

Safari hii niliwaotesha katika mkojo wake mwenyewe, pamoja na dawa kidogo. Kisha niliuzungusha mkojo ule kwenye mashine na kuuchuja, asibaki bakteria hata mmoja. Majimaji yaliyobaki nikayachanganya na dawa, nikawawekea bakteria wengine ambao siku zote dawa ile huwaua. Haikuua kitu. Kulikuwa na kitu ndani ya majimaji yale kilichokuwa kikiinyonya dawa.

Nilimpelekea daktari sahani ya maabara yenye bakteria wale waliokataa kufa. Aliitazama, hakunilaumu, akabadilisha dawa siku hiyo hiyo. Homa ikashuka. Figo moja, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kuharibika.

Miezi miwili baadaye chuo kikuu, nilikopeleka sampuli ya bakteria wale, kilitutumia picha iliyopigwa kwa darubini yao kubwa, maana yetu isingeweza kuona vitu vidogo hivyo. Leokadia alipokuja kliniki nikamwonyesha. Bakteria aliyebanwa alikuwa akimegua ngozi yake ya nje, vipande vikijiviringa kuwa vifuko na kuelea mbali naye. "Dawa inanasa kwenye vifuko hivi," nikamweleza, "na askari wa mwili wanavikimbilia. Mwenyewe anabaki hai."

Nikamwomba msamaha. Niliona aibu sana, lakini nikamwuliza pia kwa nini alijisingizia.

"Ningefanyaje, dada?" akasema. "Ukweli niliusema, mkataka kunirudisha nyumbani nikafe. Sikuwa na kitu kingine cha kutupa isipokuwa heshima yangu. Nikaitupa, mkanipa kitanda." Akanirudishia picha. "Huyu mdudu wako simshangai. Abanwaye hutupa ngozi akaokoa roho."

Niliandika barua ya kumsafisha, ikasomwa kanisani kwao siku ya Jumapili. Watu wakaisikiliza vizuri, na mpaka leo wanamwita Mtema Dawa. Nimeandika nyingine mpaka nimechoka.

Kwa hiyo, wanangu, mgonjwa akikiri kosa mbele yenu, msifurahi kwamba mmempata. Tazameni kwanza ni nani aliyembana. Siku zile nilikuwa mimi, na karatasi yangu, na chakula changu kinono. Leokadia yuko hai, anavuna kahawa yake kwa figo moja, na jina lake hakuna aliyeweza kumrudishia. Abanwaye hutupa ngozi akaokoa roho.