Kitambaa cha Maji ya Uvuguvugu

Palikuwa na mama mmoja, mkaanga samaki, macho yake yakimwagika machozi kutwa na kuchoma kama yametiwa mchanga. Yalimzidia mwezi ule ule mwanawe alipooa. Basi hakuhitaji mganga: ni huyu mke. Tena kila alfajiri binti huyo humwekea mlangoni bakuli la maji ya uvuguvugu na kitambaa. "Jikande macho, mama."

Jikande? Mama hukinusa kile kitambaa, akakitupa nje ya ua. Anayekuhimiza unawe anajua alichotia majini. Nyie mngenawa?

Mwishowe akamwambia mwanawe, "Chagua, macho yangu au mkeo." Mwana akainamisha kichwa. Asubuhi binti akaambiwa afunge begi arudi kwao, na mama akawahi sokoni asimwone akitoka.

Huko sokoni akamkuta muuguzi na simu inayopima macho. Bure. Mama na cha bure hawaaminiani, ila macho yalimzidi. Simu ikamuuliza maswali, ikamtaka aitazame bila kupepesa. Hata hesabu ya tano hakufika, akapepesa.

"Inashuku macho yako ni makavu, mama."

"Makavu? Na kanga hii imelowa nini, mate? Mkwe wangu amekupa nini wewe?"

"Jicho kavu likichomwa na moshi humwaga maji ovyo, na hayo hayalilainishi. Lakini simu haihukumu, mama. Inashuku tu, kisha inakutuma kwa daktari."

Akaenda, si kwa imani, ila apate la kumsutia muuguzi. Daktari akammulika, akasema ni kweli, na moshi wa miaka umeyachosha. Akampa dawa ya matone. "Na kila asubuhi ujikande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu."

"Kitambaa?" mama akauliza.

Alirudi nyumbani karibu kukimbia. Mlangoni bakuli la asubuhi lipo, kitambaa kimekunjwa ukingoni, maji yamepoa. Begi halipo.

Sasa sisi. Kushuku sijasema ni dhambi. Hata ile simu inashuku, ndiyo kazi yake. Lakini kitu kile kisicho na roho kikishuku, humtuma mtu akapimwe. Sisi tukishuku, tunamfungisha mtu begi. Yule unayemshuku wewe, umemuuliza lini?

Na nyie wa nyuma mnaonong'ona mama huyo ni nani wa hapa kwetu: mmeshaanza tena.